Kuacha Kazi au Kufutwa Bila Kupoteza Jasho Lako: Mwongozo Kamili

Nilikuwa karani wa mishahara Nakuru kwa miaka saba, na tangu nihamie Kisumu watu huniletea bahasha zao za kazi niwasomee. Wengi hufika na kosa lile lile. Waliondoka kwanza, wakaanza kutafuta karatasi baadaye. Kufikia hapo simu ya kampuni imesharudishwa na ujumbe wote uliokuwamo, fomu za likizo zimebaki kwenye droo ya ofisi, na bawabu ameambiwa asiwafungulie lango.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja tu: karatasi kwanza, maneno baadaye. Unamhusu mtu aliyeajiriwa Kenya chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, awe muuzaji wa hadwea Kenyatta Avenue, mchumaji wa maua Naivasha, mhudumu wa hoteli Milimani au karani wa kiwanda cha sukari. Wanajeshi, polisi na askari wa magereza wana sheria zao.

Usiruke hatua. Kama umeshapewa barua ya kufutwa, soma orodha ya vitu hapa chini kisha uende moja kwa moja hatua ya 7.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kusema lolote

- Mkataba au barua ya kuajiriwa. Kama hukupewa, usife moyo. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na kesi ikifika mahakamani naye hana maandishi hayo, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba masharti unayodai si ya kweli.
- Hati za mshahara za miezi 12 iliyopita, au zote kama unazo.
- Taarifa ya benki au ya M-Pesa inayoonyesha mshahara ukiingia. Kwa kibarua anayelipwa kwa simu, hii ndiyo nguzo ya kila kitu.
- Nakala za fomu za likizo, zilizokubaliwa na zilizokataliwa.
- Taarifa yako ya NSSF. Usitosheke na makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara. Hakikisha pesa zilifika.
- Barua zote za onyo, za pongezi, za kupandishwa cheo na za kuhamishwa.
- Daftari, kalamu na faili ya plastiki.

Piga picha kila karatasi kwa simu yako mwenyewe, ujitumie kwa barua pepe yako binafsi, kisha zile asili uziweke nyumbani. Usiziweke kwenye loka ya kazini.

Onyo: Chukua kinachokuhusu wewe peke yako. Orodha ya wateja, hesabu za mauzo na barua za wenzako ziache zilipo. Nimeona mtu mwenye malalamiko ya haki kabisa akigeuzwa mshtakiwa kwa sababu ya kurasa tatu zisizomhusu zilizopatikana kwenye mkoba wake. Ukihitaji kilicho kwenye faili yako ya ofisini, omba nakala kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi anazozishika mwajiri.

## Hatua ya 1: Fungua daftari la bosi

Nunua daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule. Kila jioni kabla ya kula andika tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyosemwa, na aliyekuwepo.

Dada mmoja wa hoteli hapa Kisumu aliniletea daftari lake likiwa na doa la mafuta ya kupikia kwenye jalada. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi: "Jumanne tarehe 14, saa 2:10 usiku, jikoni. Meneja: 'Wewe ni mzigo hapa, kesho usije na hiyo sura.' Walikuwepo mpishi na yule wa kuosha sahani." Mistari mitatu tu, haina chozi wala kivumishi. Lakini mwenzake aliyefanya kazi jiko hilo hilo na kutukanwa na mtu huyo huyo alikuwa na sentensi moja ya kusema: "Alikuwa ananitesa sana." Ukimuuliza lini, anatazama dari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Heshima nayo ni mali. Andika siku ile ile, kwa sababu kumbukumbu iliyoandikwa baada ya miezi minne huonekana kama hadithi iliyotungwa kwa ajili ya kesi.

Utajua hatua hii imekaa sawa pale mtu asiyejua kazi yako anapoweza kusoma kurasa tano na kukueleza kilichotokea, lini, na nani waliona.

## Hatua ya 2: Geuza agizo la mdomo kuwa maandishi

Bosi mgumu hupenda kuagiza kwa mdomo, kwa sababu mdomo unakanika. Dawa yake ni ujumbe mfupi wenye adabu, unaotumwa siku hiyo hiyo:

"Habari za asubuhi Mkubwa. Agizo la jana jioni kwamba nifanye zamu ya usiku wiki nzima nimelipokea. Naomba unijulishe siku yangu ya mapumziko itakuwa lini."

Ujumbe huo haulalamiki, wala haumkosei mtu. Ila umeshaweka kwenye rekodi kwamba agizo lilitolewa, na umemkumbusha kwamba sheria inataka angalau siku moja ya mapumziko kila siku saba. Akijibu vizuri, tatizo limeisha. Akijibu vibaya, una jibu lake. Akinyamaza, una kimya chake chenye tarehe.

Onyo: Usiandike ukiwa na hasira, na usimjibu bosi kwenye kikundi cha WhatsApp cha kazi. Kumtukana mwajiri au aliyewekwa juu yako ni mojawapo ya makosa yanayoweza kukufukuzisha papo hapo chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira. Wapo mabosi wanaokuchokoza wakisubiri neno hilo moja tu.

## Hatua ya 3: Lalamika kwa ngazi

Andika barua moja, ukurasa mmoja, kwa mkubwa wa bosi wako au ofisi ya wafanyakazi. Taja matukio matatu mazito kutoka kwenye daftari pamoja na tarehe zake, kisha useme unachotaka: kuhamishwa zamu, kurudishiwa makato, au matusi yakome. Barua isiyo na ombi hubaki kwenye trei.

Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, mpe nakala mwakilishi wenu. Wafanyakazi wa mashamba ya maua na chai wana chama cha mashamba chenye makao makuu Nakuru. Ada unayokatwa kila mwezi ndiyo inayolipia huduma hii, kwa hiyo itumie.

Kuhusu usumbufu wa kingono, usisubiri matukio matatu. Moja linatosha. Kifungu cha 6 cha sheria kinakataza, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo. Iombe sera hiyo, na ulalamike kwa mtu mwingine asiye yule anayekusumbua.

Weka nakala ya barua iliyogongwa muhuri au kusainiwa "imepokelewa". Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

## Hatua ya 4: Ukipewa barua ya kujieleza

Barua hizi mara nyingi hutolewa Ijumaa saa kumi jioni, jibu litakiwe Jumatatu asubuhi. Mtu anaingiwa na hofu, anaandika kurasa nne za kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na msamaha huo ndio unaomfukuza.

Fanya hivi badala yake.

Soma shtaka ulihesabu: ni makosa mangapi, ya tarehe zipi? Jibu kila moja kwa namba yake. Kama hakuna tarehe, uliza tarehe. Kama wanategemea kamera au hesabu za stoo, omba uonyeshwe. Kama muda hautoshi, omba siku zaidi kwa maandishi na utoe sababu.

Kisha dai kikao. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, kazi duni au afya, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua wewe. Hata kosa likiwa la kufukuzwa papo hapo, bado unastahili kusikilizwa.

Mchague mwenzako anayejua kunyamaza na kuandika. Usichague mropokaji, hata kama ni rafiki yako wa chanda na pete. Kazi yake kubwa ni kuona na kukumbuka.

Usisusie kikao. Watu husema, "Wameshaamua, niende kufanya nini?" Unaenda ili pawe na rekodi kwamba ulijitetea. Ukikosa, wataandika kwamba ulipewa nafasi ukaikataa, na itakuwa kweli.

## Hatua ya 5: Pima mfuko kabla ya kupima hasira

Hapa ndipo ninapowabishia watu zaidi, nao hukasirika. Bosi anaweza kuwa mbaya kabisa na bado leo isiwe siku ya kuondoka.

Anza na Sacco. Mkopo wako ulikuwa unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mshahara ukikatika, Sacco itageukia akiba yako, kisha wadhamini wako, ambao mara nyingi ni wale wale wenzako uliowaacha kwenye dawati. Nenda ofisini kwao kabla ya kuandika barua. Uliza deni limebaki kiasi gani, akiba ni kiasi gani, na kama unaweza kupunguziwa kiwango cha kila mwezi. Sacco nyingi pia hutaka notisi ya siku 60 kabla ya kukurudishia akiba, kwa hiyo usiihesabu kama pesa ya mwezi ujao.

NSSF nayo usiitegemee. Huwezi kuichukua kwa sababu tu umeacha kazi ukiwa na miaka 35. Hutolewa kwa kustaafu, na kustaafu mapema huanzia miaka 50.

Kisha kodi ya nyumba, karo na chakula. Andika matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, uzidishe mara tatu. Kama huna hiyo na hakuna kazi nyingine iliyothibitishwa kwa barua, tafuta kazi ukiwa bado kazini. Ahadi ya simu kwamba "kuja tu, nafasi iko" haijawahi kulipa kodi ya nyumba Migosi wala Free Area.

Naacha nafasi kwa mambo mawili tu: hatari kwa mwili wako na usumbufu wa kingono. Hayo hayasubiri akiba. Ondoka mahali hapo, toa taarifa, na pesa tutazihesabu ukiwa salama.

## Hatua ya 6: Barua ya kujiuzulu

Nenda saiba yoyote hapa Kondele, yale maduka ya kompyuta na uchapaji, uombe barua ya kujiuzulu. Watakufungulia ile iliyokuwa kwenye kompyuta tangu zamani, wabadilishe jina na tarehe, ulipie uchapaji. Ndani yake kuna maneno haya: "kwa sababu za kibinafsi", na "nashukuru kwa nafasi niliyopewa".

Kama kweli unaondoka kwa sababu zako, hayo ni sawa. Lakini kama umesukumwa, umejifungia mlango kwa saini yako mwenyewe. Mahakama za Kenya hukubali kwamba mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri alivunja mkataba kwa uzito anaweza kuhesabiwa kuwa alifutwa. Mahakama ya Rufaa ililieleza hilo kwa kirefu mwaka 2015. Ila mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hutakiwi kukaa miezi na miezi ukipokea hali hiyo kana kwamba umeikubali. Barua inayosema "sababu za kibinafsi" ndiyo ushahidi wa kwanza watakaoutoa dhidi yako.

Andika ukweli kwa ufupi. Mfano:

"Nimekuwa mhudumu wa stoo hapa tangu tarehe 3 Machi 2021. Natoa notisi ya siku 28 kuanzia leo. Ninaacha kazi kwa sababu mshahara wangu ulipunguzwa kutoka shilingi 26,000 hadi 19,000 tangu mwezi wa Mei bila ridhaa yangu, na barua zangu mbili kuhusu jambo hilo hazijajibiwa. Naomba nilipwe siku nilizofanya kazi, siku za likizo zilizobaki na makato hayo, na nipewe cheti cha utumishi siku yangu ya mwisho."

Kuhusu notisi: anayelipwa kwa mwezi hutoa siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba umetaja muda mrefu zaidi. Anayelipwa kwa wiki hutoa wiki moja. Ukiondoka bila notisi, mwajiri anaweza kudai mshahara wa muda huo, na ukitoweka tu bila neno, kosa la utoro litaingia kwenye faili yako. Bosi akikupokea barua na kusema "toka leo leo", anatakiwa akulipe siku za notisi zilizobaki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mwombe aandike. Asipoandika, mtumie ujumbe jioni hiyo: "Kama ulivyoniagiza leo saa tano, nimeondoka kazini kabla ya notisi yangu kuisha."

Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri. Wakikataa kupokea, tuma kwa barua pepe na kwa posta ya rejista. Mahakama zimesema kujiuzulu ni uamuzi wa upande mmoja, kwa hiyo bosi hana mamlaka ya "kukataa" barua yako.

Onyo kubwa: Ukiwekwa chumbani na kuambiwa, "Andika ujiuzulu ama tuite polisi," usiandike hapo. Sema unahitaji kusoma na kushauriana, kisha utoke. Kama umeshaandika kwa hofu, usilale kabla ya kutuma maandishi yanayoeleza ulivyolazimishwa, nani alikuwepo, na saa ngapi. Kujiuzulu kwa kushurutishwa si kujiuzulu, lakini ukikaa wiki sita ndipo useme, nani atakuamini?

## Hatua ya 7: Ukiambiwa kazi imepungua

Kupunguzwa kazini si sawa na kufutwa kwa kosa. Kinachokufa ni nafasi, wewe huna hatia. Watu wa magharibi tunalijua jambo hili vizuri kuliko wengi, tangu kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009 hadi miaka ya mashaka ya kiwanda cha sukari cha Mumias. Kwa sababu huna kosa, kifungu cha 40 kimekuwekea ngazi ambazo mwajiri lazima azipande.

Kwanza, notisi ya maandishi kwako, au kwa chama chako kama ni mwanachama, na nyingine kwa afisa wa leba (afisa wa serikali anayesimamia mambo ya kazi), angalau mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Pili, uchaguzi wa nani aondoke uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na utegemewaji. Tatu, ndipo ije notisi yako ya kuachishwa ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Watu wengi huchanganya notisi ya kwanza na hii ya tatu, na waajiri wengi huwaacha wachanganye. Ni notisi mbili.

Nne, siku zako za likizo zilipwe kwa pesa. Tano, kiinua mgongo cha angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Uliza maswali matatu kwa maandishi: afisa wa leba alijulishwa tarehe gani? Nilichaguliwaje? Nafasi yangu inabaki au inafutwa? Kama wiki inayofuata dirisha lako la malipo limekaliwa na mpwa wa mwenye duka, nafasi yako haikufa. Andika tarehe uliyomwona na jina lake.

## Hatua ya 8: Piga hesabu yako kabla hawajakupigia yao

Tuchukue mtu wa hadwea Nakuru. Mshahara shilingi 24,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka 4 na miezi 7, anapunguzwa tarehe 18, na likizo ya miezi 7 ya mwisho hakuichukua. Mshahara wa siku ni 24,000 kugawanya kwa 30, yaani 800.

- Siku 18 alizofanya kazi mwezi huu: 14,400.
- Mwezi mmoja badala ya notisi: 24,000.
- Likizo: siku 1.75 kwa kila mwezi, mara 7, ni siku 12.25, sawa na 9,800.
- Kiinua mgongo: siku 15 mara miaka 4 ni siku 60, sawa na 48,000.

Jumla ni shilingi 96,200 kabla ya kodi na makato. Ile miezi 7 ya mwisho haiingii kwenye kiinua mgongo kwa sababu sheria inahesabu mwaka uliokamilika, lakini inaingia kwenye likizo. Wapo wanaogawanya mshahara kwa 26, siku za kazi za mwezi, badala ya 30, na hapo siku moja inakuwa kama 923. Waulize wamegawanya kwa ngapi, kisha angalia kama wametumia kigawanyo hicho hicho kote.

Aliyejiuzulu au kufutwa kwa kosa hana hicho kiinua mgongo cha kupunguzwa. Ana siku alizofanya kazi na likizo yake. Hata aliyefukuzwa papo hapo kwa wizi hulipwa siku alizofanya kazi hadi siku hiyo. Kama mwajiri hakukuweka NSSF wala kwenye mpango wowote wa pensheni, unaweza kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka, na ndiyo maana niliwaambia mchunguze taarifa ya NSSF mapema.

Na kibarua? Ukifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, au kazi isiyoweza kutarajiwa kuisha chini ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinakutoa kwenye hesabu ya kutwa na kukupa haki ya notisi kama wa mwezi. Jina "kibarua" kwenye rejista ya lango halibadilishi hilo. Taarifa ya M-Pesa yenye malipo ya kila Jumamosi kwa miezi tisa inasema zaidi ya rejista.

## Hatua ya 9: Siku ya kusaini

Utapewa karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote. Hii ndiyo karatasi hatari kuliko zote kwenye bahasha yako. Mahakama ya Rufaa imewahi kumfunga mfanyakazi kwa hati kama hiyo kwa sababu aliisaini kwa hiari akielewa.

Toa karatasi yako ya hesabu, linganisha mstari kwa mstari. Vikilingana, saini. Visipolingana, omba wasahihishe. Wakikataa na unahitaji hizo pesa leo, andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea shilingi kadhaa, bila kuacha dai langu la kilichobaki," uitaje hiyo shilingi kadhaa kwa tarakimu. Wakikataa hata hilo, usisaini. Piga picha karatasi kama wanakuruhusu, uende ofisi ya leba.

Rudisha vitu vya kampuni siku hiyo hiyo: funguo, sare, simu, kitambulisho cha kazi. Kila kimoja kiandikwe na kisainiwe kimepokelewa. Nimeona malipo ya mtu yakizuiwa miezi miwili kwa sababu ya jozi ya gambuti.

## Hatua ya 10: Karatasi za baada ya lango

Cheti cha utumishi ni haki yako ukifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hata kama mliachana kwa ugomvi. Hutaja jina la mwajiri, jina lako, aina ya kazi, mahali, siku ya kuanza na ya kumaliza. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini kukunyima cheti ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Ukitaja kifungu cha 51 kwenye ujumbe wako, vyeti vingi hupatikana haraka.

Omba fomu ya P9, ile inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa. Utaihitaji kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30 Juni mwaka unaofuata, na kuipata kutoka kwa mhasibu aliyehama ni kazi kubwa.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa inakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Badilisha usajili wako uwe wa kujilipia mapema, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mdogo. Kama una mkopo wa masomo wa HELB, waandikie umepoteza kazi kabla deni halijaanza kuzaa adhabu.

Na weka nakala ya kila ombi la kazi unalotuma. Ukienda mahakamani, huangaliwa kama ulijitahidi kupata kazi nyingine.

## Hatua ya 11: Ofisi ya leba na mahakama

Ofisi za leba ziko Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji mingine. Kulalamika hakulipishwi. Fika asubuhi na faili yako iliyopangwa kwa tarehe, karatasi ya hesabu ikiwa juu kabisa. Afisa humwita mwajiri kwa barua, mnakaa mezani. Madai mengi ya notisi na likizo huishia hapo, kwa sababu mwajiri anaona tarehe na hesabu, hana la kubishia.

Malalamiko ya kufutwa isivyo haki yapelekwe kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani ni ndani ya miaka mitatu tangu siku ulipoachishwa.

Onyo: Mazungumzo hayasimamishi saa. Kaka mmoja wa Kakamega aliahidiwa "tutakulipa mwezi ujao" mara nyingi hata akapitisha miaka mitatu. Alikuwa na barua zote, muhuri juu ya kila moja. Nilizisoma zote mezani pangu, na sikuwa na la kumsaidia. Siku unapoachishwa, andika nyuma ya jalada la daftari tarehe mbili: ya miezi mitatu na ya miaka mitatu.

Aliyekuwa akipata mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za kazi, karibu na nyumbani. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo Kisumu, Nakuru, Kericho, Eldoret na Bungoma. Ukishinda kesi ya kufutwa isivyo haki, fidia haizidi mishahara ya miezi 12, na wachache hupata yote. Mwenye kukuahidi mamilioni kwa mshahara wa elfu ishirini anataka ada yako.

Yule dada wa daftari lenye doa la mafuta alikwenda ofisi ya leba Jumatatu moja saa mbili asubuhi. Afisa alisoma kurasa sita, akamuuliza kama mpishi na muosha sahani wangekubali kuja. Wakaja wote wawili. Alilipwa notisi yake na siku 19 za likizo, na cheti chake cha utumishi kikaletwa mezani pale pale, wino wa muhuri ukiwa bado haujakauka.